Siku Tuliyokwenda Kumposa Mbwa Gangilonga

Usiku wa jana niliota, na kabla mtu hajaniambia ni maharage niliyolalia, naomba nimtaje mwenye makosa. Ni mume wangu, Otmari Gama, mwalimu wa jiografia, mtu ambaye ukimtuma chumvi dukani anarudi kuuliza ya mawe au ya unga.

Tangu Pasaka mtu huyu anachagua mbwa. Si kati ya mbwa ishirini, jamani. Kati ya wawili.

Wezi walituingilia hapa Kihesa kipindi cha mvua. Waliruka geti, wakabeba runinga, mtungi wa gesi na cherehani yangu mpya, na vyote hivyo nilishavisamehe. Ambalo sijasamehe ni kwamba walipita chumbani kwa Lusungu, binti yetu wa darasa la tatu, wakachukua redio iliyokuwa karibu na kichwa chake naye amelala. Tangu siku hiyo mtoto halali. Anakaa kitandani amejiegemeza ukutani, blanketi kidevuni, tochi mkononi, macho mlangoni, mpaka kunakucha. Shuleni anasinzia hadi anagonga paji la uso kwenye dawati. Mwalimu wake ameshaniita. Nikasema basi, tutafute mbwa, mtoto apate usingizi.

Bwana Mgaya wa Mafinga, anayefuga mbwa wa mbegu za nje, alikuwa amebakiwa na wawili. Mmoja ni Basenji, asili yake misitu ya Kongo, mbwa anayesifika kwa kutobweka. Mwingine ni Koli, mbwa wa kuchunga kondoo huko Uskoti, anayesifika kwa kutotulia. Wote ni wa wastani, si wakubwa wa kumaliza unga wa watu wala wadogo wa kubebwa kwenye kapu. Bwana Mgaya akasema mwisho Jumamosi saa sita, baada ya hapo anawapa watu wa Makambako.

Na hapo bado sijagusa habari ya watani. Mimi ni Mhehe. Nchi nzima inautania Uhehe kwamba eti tunakula mbwa. Mimi sijala, mama yangu hakula, bibi yangu alikuwa hali hata bata. Lakini tangu habari ienee kwamba tunatafuta mbwa, sipiti sokoni kwa amani. "Mama Lusungu, mnafuga au mnanenepesha?" Na mume wangu ni Mngoni, mtani wangu kabisa. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani, na mwenzake haruhusiwi kununa. Hao Wangoni wenyewe wanasemwa kwamba panya akiwaona anaandika wosia, lakini katika mambo haya ya mbwa Otmari ndiye anayecheka kuliko wote.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilimkuta amelala chali, simu kifuani, anasoma. Nikamuuliza, baba, umeamua? Akasema, "Mama Lusungu, bado napima." Nikageukia ukutani kwa hasira, na nikalala hivyo hivyo nimekunja uso.

Basi naota ni asubuhi, nipo sebuleni nanyoosha sare za watu, na hodi inapigwa mlangoni. Nafungua. Ni geti letu. Limetoka kule mbele ya nyumba lenyewe, limesimama kizingitini na bawaba zake zote, linatazama chini.

"Mama, una wageni," likasema.

"Na wewe mbona umeacha nafasi yako? Nani anafunga uzio?"

"Tangu wale watu waniruke nimejiona sina kazi. Nimekuja kukaa ndani kama wengine."

Likaingia, likajibwaga kwenye kochi. Kochi likasema pole pole bwana. Mimi nikaendelea na pasi, maana ukishaanza kubishana na geti hutamaliza kazi.

Nyuma yake wakaingia mbwa wawili, kila mmoja na mkeka wake kwapani. Mmoja mwekundu, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Nikajua huyu ni Basenji. Mwingine mweusi kwa mweupe, manyoya marefu, macho yanarukaruka. Huyu Koli.

"Kamwene," akasema Koli, na kwa mgeni Kihehe chake hakikuwa kibaya.

"Kamwene," nikamjibu.

"Tumekuja kwa majaribio. Tumesikia mzee wa hapa hawezi kuamua kwa kusoma. Aanze nani?"

Otmari akatoka chumbani na taulo kiunoni, simu mkononi. "Kabla hatujaanza," akasema, "tuangalie kwanza faida na hasara za kuanza."

"Aanze yeyote!" nikasema.

Koli akaanza.

Kwenye simu wanasema Koli anachunga kila kinachotembea. Sikujua kwamba wamepunguza maneno. Alianza na Otmari, akamswaga mpaka kona ya kabati. Akaswaga viti. Akaswaga masufuria, yakatoka jikoni kwa mstari, makubwa mbele. Akaitazama kalenda ukutani, siku zikateremka zenyewe zikajipanga; Jumapili ilitaka kutoroka, akaikamata kisigino. Kisha akatoka nje mbio, akarudi anamswaga jirani yetu Mama Njavike, mwiko bado mkononi, unga wa ugali unamdondoka.

Mama Njavike akanitazama kutoka katikati ya masufuria. "Mnafuga au mnanenepesha?" akauliza.

Hata ndotoni! Mtu umeswagwa na mbwa mpaka nyumba ya watu na bado hujajifunza.

Koli akazunguka kundi lake, anahema. Kisha akasimama, mguu mmoja juu.

"Kundi halijatimia," akasema.

"Halijatimia vipi? Mpaka Alhamisi ipo."

"Kuna mdogo mmoja. Yuko humu lakini hajaingia. Hatembei, halali. Mimi, asiyetembea siwezi kumswaga."

Nikainama chini ya meza. Lusungu yupo, amekaa amekumbatia magoti, anaangalia mlango.

"Mama," akaniuliza, "kama geti liko kwenye kochi, nje kuna nini?"

Swali lilikuwa zuri. Nikamwambia nenda kalale. Akasema ndiyo mama, na hakusogea.

"Hiyo ni alama moja kwa Koli," akasema Otmari kutoka kwenye kona yake. "Lakini..."

"Sasa zamu yangu," akasema Basenji.

Nikashtuka. "Wewe si tumeambiwa hubweki?"

"Kubweka sibweki. Kusema nasema. Watu wanachanganya mambo."

Akaizunguka sebule taratibu, mwendo wa bibi harusi, anagusa vitu kwa ubavu wake. Kila alichokigusa kikaishiwa sauti. Saa ya ukutani ikaendelea kutembea kimya. Pasi ikaacha kufoka. Mama Njavike akawa anafungua mdomo na kuufunga. Akamgusa Otmari, na Otmari aliyekuwa katikati ya neno "lakini" akabaki na midomo tu.

Nitasema ukweli wangu, nilifurahi. Nilikaa kwenye mkono wa kochi, karibu na geti, nikastarehe. Nikawaza huyu ndiye, huyu nafunga naye mkataba leo leo.

Kisha nikamwona Lusungu. Ametoka chini ya meza, amesimama katikati ya nyumba, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi. Mtoto wangu anapiga ukelele na mimi sisikii kitu. Naona machozi, naona ulimi, sauti hakuna. Nikamrukia Basenji nikamshika masikio yote mawili.

"Rudisha! Rudisha sauti za watu, wewe!"

Basenji akatanua mdomo akatoa sauti ya ajabu, kama mtu anayeimba huku anapiga mswaki, na zote zikatoka kwa pamoja. Kwa haraka zikarudi mahali pasipo pao. Otmari akawa analia ngri-ngri kama bawaba. Kikombe cha chai kikaniuliza, "Mnafuga au mnanenepesha?"

Nikampakata Lusungu. "Kimya kile mama sikitaki," akasema. "Wale wezi nao hawakuwa na sauti."

Basenji akainamisha kichwa. "Hilo hatukuambiwa," akasema, akajilamba mguu kama paka.

Otmari alipopata sauti yake akasema, "Kwa hiyo tunaona wazi kwamba wote wawili wana upande mzuri na..."

Hakumaliza. Tepu yangu ya kushonea, ambayo naivaa shingoni kila siku na sijawahi kuikosea adabu, ikateremka begani ikasimama wima katikati ya watu.

"Mnapoteza muda," ikasema. "Mnataka mbwa wa wastani. Sheria inasema mbwa wa wastani kwa nyumba ya wastani. Lazima niwapime."

"Sheria ya nani?"

"Ya mumeo. Kaisoma mwenyewe kwenye simu, tena kwa sauti, mkiwa mezani."

Ikampima Otmari kuanzia utosini, ikatikisa kichwa, ikasema amezidi. Ikamkunja pindo miguuni, ikashona kwa mkono. Akawa mfupi kidogo na hakuona ubaya. Ikaja kwangu. Ikanizunguka, ikarudi, ikanizunguka tena.

"Mama, hasira yako haipiti mlangoni. Nitaipunguza kiunoni."

"Thubutu!"

Ikaniacha. Ikamwendea Lusungu, ikalegea, ikampima kwa upole kweli. Halafu ikanigeukia.

"Usingizi wa huyu ni mfupi mno. Hata leso haitoki."

"Basi ongeza," nikasema. Sauti yangu ilibadilika. "Wewe ni tepu, ongeza."

"Mimi napima, siongezi. Kitambaa hicho wanacho wakubwa wa hawa mbwa. Vaa kanga twende tukapose."

"Kuposa? Kuposa mbwa?"

"Kwani ulidhani mnachagua? Mbwa hachaguliwi, mama. Anaposwa. Mimi nitakuwa mshenga wenu."

Jamani. Tangu Pasaka mtu anachagua kitu kisichochaguliwa!

Nafungua mlango wa stoo nichukue kanga safi, na ndani hakuna magunia ya mahindi. Kuna upepo. Kuna mji wote wa Iringa kule chini, mabati yanang'aa. Nimesimama juu ya Gangilonga, lile jiwe kubwa ambalo jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Nimezaliwa mji huu na sijawahi kulisikia likitamka hata salamu.

"Shikamoo," nikaliambia, maana huwezi jua.

"Marahaba. Mmechelewa," likasema Jiwe chini ya miguu yangu.

"Mume wangu alikuwa anapima."

"Tumesikia. Mpaka huku juu tumesikia."

Ukoo wa mbwa umeketi kwenye mikeka, wengi kweli, wa kila rangi, wanakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa vikombe vya mianzi hiyo hiyo. Koli na Basenji wamekaa katikati wamefunikwa kanga kichwani, wanatazama chini kama wanawali. Mbele yao amekaa shangazi yao. Ni mbwa koko, jike mzee wa hapa hapa mjini, sikio moja limechanika. Nikashangaa kimoyomoyo: mbwa wa mbegu, shangazi yao koko?

"Mwanangu," akaniambia Shangazi, "mbegu ni mambo ya kwenye simu. Shangazi ni shangazi. Kaa."

Nikaona haya, nikakaa. Otmari akakaa pembeni yangu, pindo lake likimsumbua. Tepu ikasimama, ikajikohoza, ikaanza kama washenga wote.

"Wazee wetu, tumepita karibu na bustani yenu tukaona ua. Limetupendeza. Tumekuja kuliomba."

"Maua mawili," akadakia Otmari. "Bado tunalinganisha."

Nikamkanyaga pindo.

Shangazi akanywa ulanzi, akafuta mdomo. "Ua tunalo. Lakini sisi hatutoi mtoto kwa watu tusiowajua. Baba, wewe mtu wa wapi?"

"Mngoni wa Peramiho."

Mbwa wakatikisa vichwa. Mmoja akasema huko afadhali, wenye shida ni panya. Wakacheka wote.

"Na mama?"

Nikatazama mji kule chini. Nikafikiria kusema Mbena. Nikafikiria kusema mtu wa Mwanza. Lakini mbele ya Gangilonga mtu wa Iringa unaanzaje kudanganya?

"Mimi ni binti Kihwele," nikasema. "Mhehe wa Kalenga."

Mikeka yote ikavutwa nyuma kwa pamoja. Watoto wakafichwa migongoni. Koli akajificha nyuma ya Basenji. Na Basenji, yule asiyebweka, akabweka. Mara moja. Ukoo mzima ukageuka kumtazama, naye akajifanya anajilamba.

"Ni utani huo!" nikasema. "Shangazi, ni utani wa watu! Hakuna Mhehe anayekula mbwa!"

"Utani ni nini?" akauliza Shangazi.

"Ni... mtu anakusema vibaya na wewe hukasiriki, kwa sababu mababu zenu walipigana vita, wakachoka."

Wakatazamana. "Sisi hatuna kitu hicho," akasema Shangazi. "Sisi tukipigana tunang'atana, yanaisha. Neno tukiambiwa tunalichukua lilivyo. Kama una mtu wa kukutetea, anayezijua sufuria zako ndani nje, na aseme."

Mtu huyo yupo. Amekula kwangu tangu tufunge ndoa. Nikamgeukia Otmari, nikamshika mkono, na sijui kama niliwahi kumwomba kitu kwa macho namna ile. Baba Lusungu, leo tu. Leo usiwe mtani. Leo uwe mume.

Akasimama. Akanyoosha taulo lake. Akaanza vizuri, nisiseme uongo. Akasema mimi ni mke mwema, mchapakazi, napika vizuri. Kisha nikaona neno linapanda kooni. Nalijua lile neno. Kidevu kinamcheza, mashavu yanamvimba, anapigana nalo kama mtu anayezuia chafya kanisani. Nikatikisa kichwa: usithubutu.

"Kwa hiyo wazee wangu, msiwe na hofu," akasema. "Huyu mama anawafahamu mbwa siku nyingi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Vikombe vyote vikabaki hewani. Hata upepo ulisimama.

"Kwa hiyo mtabakiza," akasema Shangazi.

"Ni methali," nikasema. "Shangazi, ni methali tu."

"Mtabakiza nini? Mkia?"

Otmari akaangua kicheko. Akacheka peke yake, juu ya jiwe, mbele ya wakwe, mpaka akakaa chini. Ukoo wa mbwa ukaanza kukunja mikeka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopita mlangoni. Nilisimama, na nadhani hata kule sokoni walinisikia.

"Unacheka! Otmari, unacheka! Mtoto anagonga kichwa kwenye dawati, ana macho mekundu kama mlevi, wewe unapima, wewe unalinganisha, na siku ya kusema neno moja la maana unatania! Sitaki mbegu! Sitaki mkia uliojikunja wala mkia ulionyooka! Nipeni mbwa yeyote, nipeni hata kigoda mkiite mbwa! Nataka mwanangu alale!"

Nikalia. Sipendi kulia mbele ya wakwe, hata wakiwa na miguu minne, lakini nililia na kamasi. Otmari akaacha kucheka. Akanishika bega nikautoa mkono wake.

"Sasa hapo pana neno," likasema Jiwe. "Mikeka chini. Gama, huyo mbwa ni wa nani?"

"Wa nyumba," akasema Otmari.

"Nyumba ndiyo isiyolala?"

"Ni wa mtoto," nikasema mimi.

"Na mtoto mmemuuliza?"

Otmari akafungua mdomo. "Nimemuuliza Bwana Mgaya. Nimemuuliza daktari wa mifugo. Nimemuuliza mwalimu mkuu, mchungaji, kuna watu kwenye simu wako huko Uskoti, wana mashamba..."

"Mtoto," likasema Jiwe.

Akanitazama. Nikamtazama. Mume wangu, ambaye hajawahi kukosa la kuongeza, akakosa. Na mimi ambaye nimemgombeza tangu Pasaka, nilikuwa nimemwambia mtoto nenda kalale, kalale, kalale, na sikuwahi kumuuliza kitu.

Lusungu akatokea kwenye mlango wa stoo, ameshikwa mkono na geti. Geti lilitembea taratibu lisimkanyage. Likamfikisha mbele ya Shangazi, likarudi nyuma.

"Njoo mwanangu," akasema Shangazi. "Wako wawili hawa. Mmoja anaswaga, mmoja habweki. Unamtaka yupi?"

Lusungu akawaangalia wote wawili, muda mrefu. Kope zinamwangukia anaziinua.

"Sitaki wa kuswaga," akasema. "Wala sitaki wa kubweka wala wa kutobweka. Nataka wa kunipokea zamu. Mimi nimechoka."

"Zamu ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuwalinda wewe na baba."

Miezi yote hiyo nilidhani mtoto anaogopa. Kumbe yuko lindoni. Sisi tunakoroma chumba cha pili, tumechoka na kubishana habari za mbegu, na mtoto wa darasa la tatu anatulinda kwa tochi. Otmari akajifunika uso kwa taulo. Hakuwa anacheka.

"Hilo halimo kwenye simu," ikasema Tepu, ikajiviringisha yenyewe.

Shangazi akashusha kikombe. Akamnusa Lusungu nywele, akamnusa mikono, akachukua muda wake. "Sasa posa tumeielewa," akasema. "Mtoto huyu anaomba mtu wa kumpokea. Wahehe, Wangoni, sisi hayo hatuyajui, ila kuchoka tunakujua. Ni nani kati yenu atakayekwenda?"

Basenji akasimama. Koli akasimama. Kwa wakati mmoja.

Otmari akatoa uso kwenye taulo. "Hapa sasa," akasema, "ni muhimu tulin..."

Nikamziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruaha, ule wa asubuhi za Iringa, mzito, wa baridi. Unafunika mikeka, unamfunika Shangazi. Namwona mbwa mmoja anatoka mbele. Namwona Lusungu anakaa chini, kisha anajilaza pale pale juu ya jiwe, shavu kwenye kiganja. Naona mgongo wa mbwa unazunguka, unazunguka, unajikunja miguuni pake. Rangi yake siioni.

"Sogea kidogo," nikauambia ukungu. "Nione ni yupi, kesho mwisho saa sita!"

"Subiri," ukajibu ukungu. "Bado napima."

Nikaamka nimekasirika kuliko nilivyolala.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Otmari anakoroma, simu kifuani. Nikatoka bila kuvaa ndala, nikaenda chumbani kwa Lusungu, nikiwa nimeshaandaa swali langu mdomoni. Niliapa kwamba leo nitamuuliza, nitakaa kitandani pake nimuulize taratibu, na nitamwambia kuanzia leo zamu ni yangu.

Sikuweza kumuuliza. Alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, mate kwenye mto. Nilikuwa nimesahau anavyoonekana akiwa amelala. Nikashika fremu ya mlango nikalia tena, safari hii bila sauti.

Ndipo nikaona miguuni pake. Blanketi limebonyea shimo la duara. Sisi hatuna paka, na hata tungekuwa naye, paka hawezi kubonyeza namna ile. Nikaweka kiganja katikati. Palikuwa na joto.

Otmari akaja nyuma yangu, nywele timtim. Akatazama mtoto, akatazama shimo, akanitazama mimi. Akainama akaweka kiganja chake kando ya changu, akakiacha pale muda mrefu, na macho yakamlowa.

"Wa wastani," akanong'ona. "Lakini ni yupi?"

Nikamshika sikio, nikamtoa nje polepole, nikavuta mlango usilie. Nikamwambia anyamaze, mtoto amelala.